Jumuiya ya Khairati Ikilaumiwa: Njia Tano za Kujibu, na Kila Moja Ina Wakati Wake

Futari imeshagawiwa, magunia matupu yameshakunjwa, na kabla ya Isha grupu la WhatsApp la shehia (eneo linaloongozwa na Sheha) limeshajaa maneno: kuna magunia mawili hayaonekani, kuna kizuka, mjane aliye edani, karukwa, kuna mtoto wa mjumbe kapata mara mbili. Wanachama wanaanza kupigiana simu. Mmoja anasema tunyamaze, Mungu anajua. Wa pili ameshaanza kuandika jawabu. Wa tatu anamjua aliyetuma ujumbe, kwao Mtambwe, na anataka amfuate nyumbani usiku huu huu.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Njia zinazotumika Unguja na Pemba ni tano: kunyamaza kwa makusudi, kumwendea mkosoaji faragha, kutoa taarifa moja ya maandishi, kuita kikao cha hadhara, na kumleta mtu wa nje akague. Jumuiya nyingi huchagua kwa kuangalia maneno yalivyokuwa makali, au aliyeyasema ni mtu wa heshima gani. Vyote viwili hupotosha. Kinachofaa kuamua ni lawama yenyewe ni ya namna gani, na mna nini mkononi cha kuijibu.

Vigezo vya kupimia

*Aina ya lawama.* Ziko nne, na hazijibiwi kwa namna moja. Kuna swali la hesabu (kimeingia nini, kimetoka nini). Kuna lalamiko la mgao (fulani kakosa, fulani kapewa kwa ujamaa). Kuna tuhuma ya mtu mmoja kwa jina lake. Na kuna hitilafu ya msimamo: kupiga picha wanaopokea, kuchukua mchango wa mwanasiasa, kutumia fedha za zaka kulipia mafuta ya gari. Swali la hesabu likijibiwa kwa mawaidha, muulizaji huondoka na shaka kubwa kuliko aliyokuja nayo. Hitilafu ya msimamo ikijibiwa kwa stakabadhi nayo haisogei, kwa sababu hakuna aliyeuliza bei.

*Limefika wapi.* Neno la kwenye baraza moja la kahawa si sawa na lililosomwa radioni, wala si sawa na lililofika kwa wafadhili walioko Muscat na London, ambao hawana njia ya kupita ghalani kujionea.

*Ushahidi uliopo.* Orodha yenye saini, stakabadhi ya duka, taarifa ya benki. Mkiwa na vitatu hivyo, karibu kila njia iko wazi kwenu. Mkiwa na kimoja, njia mbili au tatu zinajifunga.

*Nani anaumia mkisubiri.* Mtoa hoja anaweza kungoja wiki. Kaya iliyokosa chakula haiwezi.

*Nani ana ruhusa ya kusema.* Jumuiya nyingi hapa zilisajiliwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya Jumuiya Nambari 6 ya 1995, na zina katiba. Ifungueni. Mara nyingi msemaji ni katibu au mwenyekiti, si kila mwenye simu.

Lawama moja haimo katika ulinganisho huu kabisa: ikitajwa kuwa mtoto au mwanamke amedhalilishwa na mtu wa jumuiya. Hapo hakuna njia ya kuchagua. Mtuhumiwa anaondolewa kazini siku hiyo hiyo, na suala linakwenda polisi na kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa. Kuoneana muhali kwa sababu ni mtoto wa fulani ndiko kulikozika kesi nyingi visiwani.

Kabla ya yote, hesabu ya mzigo

Tuchukue mfano wa mchele, maana lawama hii hurudi kila Ramadhani. Jumuiya imenunua magunia 120 ya kilo 50, jumla kilo 6,000, ikapanga kaya 500 zipate kilo 12 kila moja. Siku ya mgao kaya 491 zinapata, tisa za mwisho zinarudi mikono mitupu. Tisa mara kilo 12 ni kilo 108, yaani magunia mawili na kidogo, na mtaani yameshapata jina la aliyeyala. Ukiipitia kazi yenyewe unakuta mchele ulipimwa kwa ndoo badala ya mizani, na mpimaji alikuwa na mkono wa huruma: gramu 200 za ziada kwa kila kaya. Gramu 200 hazionekani kwenye mfuko. Kwa kaya 491 ni kilo 98.2. Ongeza kilo 9.8 zilizobaki chini, zisizotosha kaya nyingine, na zile 108 zimetimia.

Huo ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha kwa nini jawabu la haraka ni hatari. Anayesema "hakuna kilichopotea" bila kupima atakuwa amesema kweli bila kuweza kuithibitisha, na watu hawatamtofautisha na mwongo. Nendeni kwenye nyumba tano ambazo hazijafungua mfuko, pimeni kwa mizani ya duka, andikeni uzito. Kisha fuateni mzigo nyuma: ulivyonunuliwa, ulivyopakiwa bandarini Malindi, Unguja, ulivyoteremshwa bandari ya Mkoani, Pemba, ulivyoingia ghalani, ulivyogawiwa. Kila kituo kinataka idadi na saini. Kituo kisicho na saini ndicho kitakachoulizwa.

Fedha nazo zina mtego wake, nao ni ahadi. Kwenye hafla watu wananyanyua mikono, milioni 14 zinatangazwa kwa spika, na zinazofika benki ni milioni tisa. Aliyehudhuria anaikumbuka 14 na hana habari ya tisa. Zitengeni tangu mwanzo: zilizoahidiwa, zilizopokewa, zilizotumika, zilizobaki. Na makato ya kutolea fedha kwenye simu yapewe mstari wake, yasifichwe ndani ya bei ya mchele.

1. Kunyamaza kwa makusudi

*Gharama na muda.* Haina gharama ya fedha. Inalipiwa kwa imani ya watu, kidogo kidogo.

*Inavyofanywa.* Kunyamaza ni uamuzi wa kamati, uandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe ya kuutazama upya, tuseme siku saba. Daftari la malalamiko linafunguliwa, lenye tarehe, maneno yaliyosemwa, yaliposemwa, aliyeyapokea na kilichoamuliwa. Mtu mmoja anapewa kazi ya kuangalia kama neno linapoa au linasambaa. Bila daftari hilo, kunyamaza na kujificha havina tofauti.

*Inapoharibika.* Kwetu wanasema lisemwalo lipo, ikiwa halipo li njiani laja. Mtu akiuliza mara tatu, tena na karatasi mkononi, kimya cha jumuiya husomwa kuwa ni kukiri. Njia hii huvunjwa pia kutoka ndani: kamati imekubaliana kunyamaza, kisha mjumbe anaweka fumbo kwenye status yake. Na tusisahau kwamba kanga yenye jina la kijembe ikivaliwa na mke wa mwenyekiti siku ya mgao ni tamko zito kuliko barua yenye muhuri.

*Inawafaa.* Wanaokejeliwa tu bila hoja, wanaosemwa na mtu asiyejitaja jina, na wanaovutwa kwenye mabishano ya vyama wakati wa uchaguzi. Haiwafai walioulizwa swali lenye namba.

2. Kumwendea mkosoaji faragha

*Gharama na muda.* Nauli, na saa mbili. Inawezekana kesho yake.

*Inavyofanywa.* Waende wawili. Mmoja peke yake hana shahidi, na watano ni jeshi. Mmoja wao awe anayeheshimika kwa mkosoaji: maalim wake, jirani wa zamani, mtu wa ukoo. Mkosoaji akiwa mwanamke, waende wanawake. Wabebe nakala za orodha na stakabadhi, wasibebe zawadi ya aina yoyote, hata tende, kwa sababu kesho itaitwa hongo. Waanze kwa kusikiliza: "Maalim, tumekuja tusikie kutoka kwako mwenyewe, si kwa watu." Wasijibu mpaka amalize, waandike anachosema, na wamsomee walichoandika kabla hawajanyanyuka.

*Inapoharibika.* Mkosoaji ameridhika, lakini watu 200 waliosoma lawama yake hawakuwapo ukumbini. Kwao lawama bado iko hai, na yeye akinyamaza ghafla wanasema amenunuliwa. Kwa hiyo kikao cha faragha hakijamalizika mpaka mmekubaliana kila upande utasema nini mbele za watu. Ikiwezekana aandike mwenyewe mistari miwili pale pale alipoandikia ya kwanza. Kosa jingine ni kumpelekea wakubwa: ujumbe ukiwa na mtu wa serikali au tajiri wa mtaa, faragha inageuka kitisho.

*Inawafaa.* Lalamiko la mgao linalohusu kaya moja au mbili, na mkosoaji anayejulikana, ambaye bado hajaapa hadharani. Huwafaa sana wa vijiji kama Kojani au Makunduchi, ambako aliyelaumu na aliyelaumiwa watakutana kwenye maziko wiki ijayo wapende wasipende.

3. Taarifa moja ya maandishi

*Gharama na muda.* Siku mbili hadi nne, karatasi na muhuri. Tangazo la redio lina bei yake. Ulizeni kabla ya kuahidi.

*Inavyofanywa.* Siku ya kwanza toeni ujumbe mfupi wa kushika nafasi, kwa sababu taarifa kamili bado haijaiva:

"Assalaamu alaykum. Jumuiya imepokea swali kuhusu magunia ya mchele wa Ramadhani. Tunapitia stakabadhi na orodha. Jawabu kamili litatoka Alkhamisi baada ya Magharibi, hapa hapa na kwenye ubao wa msikiti. Mwenye taarifa zaidi amuone Katibu."

Ujumbe huo haukanushi wala haukiri. Unataja siku, na siku hiyo lazima itimie. Mkiona hamtaiwahi, semeni Jumatano, msingoje ipite.

Taarifa yenyewe isizidi ukurasa. Inaanza na swali kama lilivyoulizwa, bila kulipaka rangi. Inafuata hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Halafu kosa, kama lipo, kwa kitenzi chenye mwenyewe: "tulikosea kupima kwa ndoo", isiwe "ilijitokeza hitilafu ya upimaji". Mnachofanya sasa na tarehe yake. Mahali pa kuja kuziona stakabadhi, saa ngapi hadi saa ngapi. Jina, cheo na saini. Mkibadilisha namba baadaye, wekeni ya zamani na mpya pamoja na sababu. Namba iliyobadilishwa kimyakimya ni lawama mpya.

Majina ya waliopokea yasitoke. Idadi inatosha, pamoja na mgawanyo wa shehia.

Mahali pa kuiweka pana maana yake. Maandishi ya WhatsApp hukatwa na kuongezwa maneno njiani, hivyo tumeni picha ya karatasi yenye muhuri pamoja na maandishi ya kusomeka. Bandikeni nakala kwenye ubao wa msikiti na ofisini kwa Sheha. Kwa wasiosoma, rekodini sauti ya dakika moja na nusu, isomwe na katibu mwenyewe. Redio ya jamii au ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, ikiwapa dakika moja, maneno kama 110 ndiyo yanayoenea kwa mwendo wa kueleweka; someni kwa saa kabla hamjakwenda.

*Inapoharibika.* Huharibika kwa sentensi moja, ambayo karibu kila jumuiya hushawishika kuiandika: "kuna watu wachache wasioitakia mema jumuiya yetu." Ikishaingia hiyo, namba zote zilizo chini yake hazisomwi. Pia huharibika ikiwa ndefu, ikiwa na aya na hadithi nyingi kuliko tarakimu, au ikimtaja mkosoaji kwa jina na kumtuhumu. Hili la mwisho ni hatari kisheria vilevile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu Zanzibar pia, na kusambaza habari za uongo kwa simu ni kosa hata anayesambaza akiwa ni mwenye kudhulumiwa.

*Inawafaa.* Swali la hesabu lililosambaa, wafadhili walio mbali, na jumuiya yenye nyaraka zilizopangika. Haiwafai ambao daftari lao lina mapengo: maandishi huyaonyesha mapengo kuliko kuyaziba.

4. Kikao cha hadhara

*Gharama na muda.* Wiki moja ya matayarisho. Viti, kipaza sauti, pengine maji ya kunywa. Gharama kubwa ni ya mishipa ya fahamu.

*Inavyofanywa.* Barua kwa Sheha siku tano hadi saba kabla, ikitaja siku, saa, mahali na ajenda moja tu. Mahali: skuli ni bora kuliko msikiti. Wengi wanaopokea misaada ni wanawake, na wasipoweza kukaa na kuuliza, kikao kitakuwa cha wagawaji peke yao. Wakati: msimu wa karafuu asubuhi watu wako mikarafuuni. Kwenye bamvua wanawake wa mwani wako baharini maji yanapokupwa, basi tafuteni siku za maji mafu. Mara nyingi Alasiri ya Ijumaa huwapata wengi.

Mwongozaji asiwe mwenyekiti wala mshika fedha. Tafuteni mwalimu mstaafu au mzee asiye mwanachama. Baada ya dua, katibu anasoma hesabu kwa dakika 15, huku nakala kubwa ikiwa imebandikwa ukutani kwa maandishi ya kalamu nene. Maswali dakika 45, ya mdomo na ya karatasi, kwani wapo wasioweza kuuliza mbele ya wakwe zao. Lisilo na jawabu linaandikwa ubaoni pamoja na siku litakapojibiwa. Mwisho mwongozaji anasoma yaliyoandikwa, watu wawili kutoka upande wa wananchi wanatia saini.

*Inapoharibika.* Kwanza, kikao hugeuka mahakama ya mtu mmoja. Kama lawama ni tuhuma ya jina, msiitishe kikao kabisa mpaka uchunguzi umalizike, kwa sababu haki ya mtuhumiwa haigawiwi kwa kipaza sauti. Pili, wanachama hujaza viti vya mbele na kupiga makofi. Wakae nyuma, wasipige makofi, wasijibu. Tatu, mtu akilia kwa kukosa mgao, kuna mwenye huruma atakayetoa noti mfukoni pale pale. Nia ni njema, lakini wengine kumi wataondoka wakijua kwamba aliyelia hadharani kalipwa. Andikeni jina lake, mfuateni nyumbani. Nne, kikao kikiitwa bila hesabu kuwa tayari, ni bora kisiitwe.

*Inawafaa.* Malalamiko ya mgao yanayogusa shehia nzima, na jumuiya ambayo wanaoisaidia na wanaoisema wanaishi mwendo wa miguu. Inafaa pia kwenye hitilafu za msimamo, kwa sababu watu wanataka kusikilizwa. Suala la picha ni mfano mzuri. Bibi aliyepigwa picha ameshika ndoo ya mafuta hatakuandikia barua. Atasema kikaoni, tena kwa mzunguko, na mwongozaji mwenye sikio atamsikia. Wanaotetea picha wana hoja: mfadhili anataka kuona. Wanaozipinga wanayo Suratul Baqara aya ya 264, inayokataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na maudhi, na aya ya 271, inayosema kuidhihirisha ni vizuri na kuificha mkawapa mafakiri ni bora kwenu. Njia ya kati ipo: picha ya mzigo na ya mikono bila nyuso, na ruhusa ya maneno kutoka kwa kila atakayeonekana.

Swali la zaka kulipia uendeshaji msilimalize wenyewe kikaoni. Aya ya 60 ya Suratut Tawba inawataja wanaozitumikia miongoni mwa makundi manane, lakini kama kamati ya kujitolea inaingia humo au haiingii ni suala la wanazuoni. Lipelekeni Ofisi ya Mufti kwa maandishi, mkaja na jawabu la maandishi. Na mpaka lije, akaunti ya zaka na ya sadaka za kawaida zitenganishwe.

5. Kumleta mtu wa nje akague

*Gharama na muda.* Wiki tatu hadi miezi miwili. Mkaguzi wa hesabu wa kulipwa hutoza kwa ukubwa wa kazi, basi mpate bei kwa maandishi na muamue ailipe nani. Isitoke kwenye fedha za mayatima.

*Inavyofanywa.* Mwandikieni hadidu za rejea za nusu ukurasa: kipindi gani, akaunti zipi, maswali gani, ripoti itasomwa wapi. Kipengele cha mwisho ndicho wengi wanakiacha. Ahidini kabla ya kujua matokeo kwamba muhtasari utabandikwa. Jumuiya ndogo isiyomudu mkaguzi inaweza kuteua watu watatu: mwalimu wa hesabu wa skuli, mwenye duka la jumla anayejua bei, na mwanamke kutoka kwenye kaya zinazopokea. Hawawi mkaguzi kisheria, ila wanaweza kulinganisha stakabadhi na mzigo, na watu wanawajua. Kama lawama inahusu mali ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iarifiwe mwanzoni, isije ikasikia mitaani.

*Inapoharibika.* Mkaguzi akiwa shemeji wa mshika fedha, kazi imekwisha kabla haijaanza. Vilevile ripoti ikikutwa na kasoro ndogo na kamati ikaificha, kasoro hiyo itavuja na itaonekana kubwa mara kumi. Na kasoro ndogo hukosekana mara chache. Mjumbe aliyepewa kilo tano za sukari na mwenye duka kwa "asante" anaweza kuamini hakukosea, ilhali hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyeambiwa angekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angeletewa zawadi, inajulikana na watoto wa madrasa.

*Inawafaa.* Tuhuma ya wizi yenye jina, jumuiya yenye fedha nyingi au wafadhili wa nje, na pale ambapo njia tatu za kwanza zimeshatumika na neno halijafa. Mkaguzi akikuta dalili ya ubadhirifu, hatua inayofuata ni polisi au ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar.

Na mwanachama wa kawaida?

Njia yoyote ikichaguliwa na kamati, mwanachama ndiye anayekutwa kwenye daladala, dukani, au kwenye baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe, akinywa kahawa. Sentensi yake iwe moja, na wote waijue: "Mimi sina jawabu kamili, Katibu atatoa Alkhamisi." Anaweza kuongeza alichokiona kwa macho yake ("nilikuwepo Mkoani, nilihesabu 120") lakini si alichosikia. Asipige picha mazungumzo ya grupu la ndani na kuyatoa nje. Asimtaje mkosoaji kwa ukoo wala kisiwa chake. Ugomvi wa mchele ukishakuwa ugomvi wa Unguja na Pemba hakuna taarifa itakayouzima. Na kama yeye mwenyewe anaona mkosoaji ana haki, apeleke hoja kwa kamati kwa maandishi, na apewe jawabu kwa maandishi. Mwanachama aliyenyimwa mlango wa ndani ndiye mkosoaji wa mwezi ujao, tena mwenye nyaraka.

Kwa hali yako

Swali la hesabu, nyaraka mnazo, neno limesambaa: ujumbe wa kushika nafasi leo, taarifa ndani ya siku nne. Kikao si lazima.

Swali la hesabu, nyaraka zina mapengo: semeni kuna mapengo, teueni watu watatu, taarifa ije baada yao. Kuita kikao mapema kutawaumiza.

Kaya moja imerukwa na jirani kalisema: mwendeeni jirani wawili, na kaya ipate haki yake kabla hamjafika kwa jirani.

Shehia nzima inalalamika kwamba orodha ilipangwa kwa ujamaa: kikao, pamoja na vigezo vya orodha kubandikwa wiki moja kabla.

Mtu ametajwa kwa jina kuwa mwizi: asimame pembeni bila kuhukumiwa, mkaguzi aje, na kamati itoe mistari mitatu tu inayosema hivyo.

Kejeli, siasa, akaunti isiyo na jina: daftari, kimya, siku saba, kisha mtazame tena.

Lawama imeanzia kwa mfadhili wa nje na huku hakuna anayeijua: mjibuni yeye kwa taarifa ile ile mnayoweza kuisoma msikitini bila kubadilisha neno.

Mmegundua kosa nyinyi wenyewe na hakuna aliyelisema bado. Hapa wengi huchagua kimya, nao wana sababu: kwa nini tujichome? Mbele yao liko tukio la Mtume (SAW) akimsindikiza mkewe Safiyya usiku. Maansari wawili walipoharakisha kupita, aliwaambia wasiharakishe, huyo ni Safiyya. Hawakuwa wamesema kitu. Kwa jumuiya, kufuata mwendo huo kunamaanisha utaratibu huu: kaya tisa zipelekewe mchele wao kwanza, kilo 12 zilizopimwa kwa mizani, saini zichukuliwe, na taarifa itoke jioni hiyo hiyo.